Kura Bila Karatasi: Mlolongo, Mimbari na Gazeti nchini Kenya, 1986–1990



Neno *kura* lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni bahati nasibu: jambo lililofichika hadi lifunuliwe. Ndiyo maana katika Biblia ya Kiswahili mtume Mathiya alichaguliwa kwa kura. *Mlolongo*, kwa upande wake, ni watu au vitu vinavyofuatana waziwazi. Mwaka 1986 KANU, chama pekee cha siasa nchini Kenya wakati huo, kiliyaunganisha maneno haya mawili. Ukinzani uliozaliwa hapo ndio mada yetu.

Katika mchujo wa wagombea, wanachama walijipanga nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake, wakahesabiwa hadharani. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alikuwa amekwisha kuchaguliwa. Hakuhitaji tena kura ya siri ya uchaguzi mkuu.

Agosti 1986 wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya waliupinga utaratibu huo. Hawakumpigia debe mgombea yeyote. Hoja yao ilikuwa ya kichungaji: kiongozi wa kanisa akijipanga nyuma ya mmoja, amewapa kisogo waumini wanaomtaka mwingine. Hoja hiyo ilimhusu raia wa kawaida pia. Mwajiriwa alijipanga mbele ya mwajiri wake, na mwanakijiji mbele ya chifu. Mwenye hofu alibakiwa na njia mbili tu: kusimama asikotaka, au kutokwenda kabisa. Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari waliendelea kuukosoa mlolongo hadharani.

Mchujo ulipofanyika Februari 1988, kulizuka malalamiko kwamba mahali pengine mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi. Lakini walalamikaji wangeomba kuhesabiwa upya kitu gani? Watu walipotawanyika, kura nazo zilitawanyika. Hapo ndipo gazeti lilipopata kazi isiyo yake. *Beyond*, jarida la Baraza hilo la Makanisa, lilichapisha habari za udanganyifu huo. Mwezi Machi lilipigwa marufuku, na baadaye mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Kwa kukosekana karatasi za kura, kurasa za jarida ndizo zilizobaki kuwa ushahidi.

Desemba 1990 wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani waliufuta mlolongo. Si haki kudai kwamba mimbari na gazeti peke yake vilileta mageuzi hayo. Wanasheria na wanasiasa waliodai vyama vingi nao walikuwa na sehemu yao. Hata hivyo, viongozi wa dini walitangulia kuitetea siri ya mpiga kura, na gazeti likahifadhi kumbukumbu ya kilichotokea siri hiyo ilipoondolewa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili lipo funzo moja zaidi. *Beyond* liliandikwa kwa Kiingereza, lakini waandishi wa Kiingereza wenyewe hulitumia neno *mlolongo* bila kulitafsiri. Neno la kawaida la kupanga vitu limekuwa jina la kipindi kizima cha historia, na mwenye kuwaza kwamba msamiati hauna siasa na alitafakari neno hilo.