Si Uganda, Ni Uasin Gishu: Ripoti Niliyosoma kwa Simu na Sanduku la Dani

Wiki tatu zilizopita niliweka video ya sekunde tisini. Nikasema Waingereza waliwahi kuwapa Wayahudi Uganda, wakaja kuangalia, wakakutana na simba, wakaenda zao. Ilisambaa vizuri sana. Watu walicheka, wakaitupa kwa magrupu ya familia. Halafu msee mmoja akaniandikia inboksi, bila matusi: "Si Uganda, ni Uasin Gishu. Na ripoti yao iko mtandaoni. Soma kwanza." Akaweka linki.

Sikujua kuna ripoti.

Wengi mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya karo. Kitu ambacho watu hawakuambii ni kwamba siku unapoacha chuo, paswadi ya maktaba pia inakufa. Kila makala nzuri ya historia inakuwa nyuma ya ukuta: lipa kwa dola au uwe mwanafunzi. Kwa hivyo nilibofya ile linki nikingoja ukuta, na ukuta haukuwepo. Ni kitabu kizima kilichochapishwa London 1905, kimeskaniwa ukurasa kwa ukurasa. Nilikisoma usiku kucha kwa simu yenye kioo kimepasuka, hapa Kondele, na bando ya mia.

Sasa nirekebishe makosa yangu, pole pole.

Hili neno Uganda lina sababu yake. Reli kutoka Mombasa ilifika kwetu, wakati huo pakiitwa Port Florence, Desemba 1901. Ilikuwa inaitwa Reli ya Uganda, na kusema ukweli Kisumu yenyewe ilikuwa ndani ya Uganda. Ndio, wewe unayekula samaki pale ziwani, hapo ulipokaa palikuwa Uganda. Upande wote huu, kutoka ziwani mpaka Naivasha, ulihamishiwa himaya ya East Africa mwaka 1902 na wakubwa waliochora mstari mpya kwa ramani. Desemba ya mwaka huo huo Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, akapanda hiyo treni, akaangalia nje ya dirisha, akaona baridi na nyasi, na akili yake ikaanza kupanga.

Aprili 1903 Wayahudi 49 waliuawa kwa vurugu mjini Kishinev, kwenye himaya ya Urusi. Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Wazayuni, alikuwa anatafuta mahali pa kukimbizia watu, haraka. Agosti 1903 barua rasmi ya serikali ya Uingereza ikatoka, ikisema iko tayari kuzungumzia makazi ya Wayahudi Afrika Mashariki. Ardhi iliyokuja kutajwa ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, maili za mraba karibu 5,000. Rasimu ya mkataba iliandikwa na ofisi ya wakili mmoja Mwelsh, David Lloyd George, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu. Hiyo niliisoma mara mbili nikidhani nimechoka.

Mkutano wa Basel, Uswisi, Agosti hiyo, ndio moto ulipowaka. Kura 295 zilikubali, 178 zilikataa, na wengine wengi hawakupiga. Na kumbuka, kura hiyo haikuwa ya kuhamia, ilikuwa ya kutuma watu waende waangalie tu. Hata hivyo wajumbe wengi wa Urusi, watu wa kule kule wanakouawa, walitoka ukumbini kwa uchungu. Walitaka Palestina, si mahali pengine. Gazeti alilolianzisha Herzl, Die Welt, liko mtandaoni bure kwenye mkusanyiko unaoitwa Compact Memory, unaosimamiwa na maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Sijui Kijerumani. Nilikuwa napiga picha ya skrini, naitupa kwa programu ya kutafsiri, inanirudishia Kiswahili cha kuchekesha, lakini unapata maana. Kijana wa Kondele ananyemelea ugomvi wa watu wa 1903. Nilifurahi sana, sitadanganya.

Watu watatu wakatumwa: Meja Gibbons wa Uingereza, Alfred Kaiser wa Uswisi, na injinia Nahum Wilbusch, Myahudi kutoka Urusi. Mwanzo wa 1905 walishuka treni Nakuru wakaenda nyanda za juu kwa miguu na wapagazi. Wakarudi bila kukubaliana. Gibbons aliona kuna uwezekano kiasi. Kaiser na Wilbusch walisema hapana: ni mbali na reli, na haiwezi kubeba watu wengi kwa haraka. Herzl alikuwa tayari amefariki, Julai 1904. Mkutano uliofuata, 1905, ukalikataa pendekezo. Ile hadithi ya simba kutimua Wayahudi niliyowauzia ni utamu tu. Ukweli ni hesabu za maji, malisho na umbali.

Lakini kuna kitu kilinikera nikiendelea kusoma. Mpango mzima ulisimama juu ya wazo kwamba pale ni patupu. Kwa makaratasi ya maofisa, ardhi ambayo mtu hajajenga nyumba ya mawe ni ardhi isiyo na mwenyewe. Maasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa na vita vya karne ya 19, na Wanandi walikuwa wanalishia ng'ombe huko. Na angalia kalenda. Mkutano ulikataa Uasin Gishu kati ya Julai na Agosti 1905. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliopigana na Waingereza na reli yao miaka kumi, alipigwa risasi na Meinertzhagen kwenye mazungumzo ya amani. Kisha 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaja kwa magari ya ng'ombe kukalia nyanda zile zile. Jina Sisibo ambalo wazee bado wanaita Eldoret linatoka kwa shamba nambari 64. Kwa hivyo hata Wayahudi walipokataa, Wanandi hawakurudishiwa kitu.

Sauti ya Basel naipata kwa simu saa nane usiku. Sauti ya mwanamke Mnandi aliyeona wale wazungu watatu wakipita na ramani, siipati mahali popote.

Sisemi hivi kulaumu walioskani. Kinyume chake. Angalia Vilna, Lithuania. Wanazi walipoteka huo mji waliwalazimisha wasomi Wayahudi kupanga vitabu na nyaraka zao wenyewe, nyingi zikiwa za kuharibiwa. Wale watu, wakiwemo washairi, walizificha ndani ya nguo wakazipitisha kwa walinzi, wakazifukia ghetto. Wengi wao waliuawa. Nyaraka zilizobaki zilitawanyika, nyingine New York kwenye taasisi ya YIVO, nyingine zikabaki Lithuania, na hakuna aliyekubali kumpa mwenzake. Dawa ikawa kuskani: kila upande ubaki na karatasi yake, picha zikutane mtandaoni. Kazi ilianza 2015 ikaisha 2022, zaidi ya kurasa milioni 4. Ama chukua Fustat, Cairo ya zamani. Sinagogi la Ben Ezra lilikuwa na chumba cha kutupia karatasi, kwa sababu maandishi yenye jina la Mungu hayaharibiwi ovyo. Kwa karne nyingi wakarundika kila kitu, hata barua za biashara na mikataba ya ndoa. Leo chuo kikuu cha Cambridge kinakuonyesha deni la mfanyabiashara wa miaka 900 iliyopita, bure. (Na maji aliyokunywa huyo jamaa yalipita hapa ziwani kwetu. Haya, naendelea.)

Sisi je? Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, ndipo ikajulikana Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni, za Kenya zikiwemo, pale Hanslope Park. Faili zetu. Zikapelekwa hifadhi ya Kew, na nyingi ukizitaka unapanda ndege.

Nilikuwa nataka kumalizia kwa kulaumu serikali, ni rahisi. Shida ni kwamba dani wangu yuko Nyakach na chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati. Babu alifanya kazi ya reli, Kisumu na Muhoroni. Ndani kuna barua zake, risiti za mshahara, picha. Nimelijua tangu nikiwa mtoto. Sikuwahi kulifungua hata siku moja, na mimi ndiye huyu ninajiita mtu wa historia.

Jumamosi nilienda. Nikamwambia, "Dani, nataka kupiga picha karatasi za kwaro." Akauliza kama nataka kuuza shamba. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema mafuriko yaliyopita maji yaliingia nyumba, akaliinua sanduku juu ya meza, lakini alikuwa amechelewa kidogo.

Za juu zilikuwa sawa. Nilizipanga kwenye kiti karibu na dirisha, nikapiga moja moja, mbele na nyuma, karatasi 41. Dani akawa ananitajia majina ya walio kwenye picha, na mimi nikamrekodi. Za chini zilikuwa zimeshikana kama mkate uliolowa. Nilijaribu kutenganisha mbili, wino ukabaki kwa vidole. Nikaacha.

Kuna barua moja ya 1958 ameandika kwa Kijaluo, anamwambia asimwuze yule ng'ombe mwekundu. Nikamsomea. Dani akacheka mpaka akafuta macho. Akasema alishamwuza kabla barua haijafika.