Nani Hugharamia Jukwaa?

Meza za bwalo husukumwa ukutani, mabenchi yakapangwa safu safu, na kufikia saa nne asubuhi bwalo la shule ya upili Machakos huwa limegeuka ukumbi wa maigizo. Kiingilio kimekusanywa mapema na mwalimu wa Kiswahili. Waigizaji wachache hugawana wahusika wote, kwani kila anayeongezwa ana nauli na chakula chake. Wakimaliza, wanakimbilia shule nyingine.

Hesabu hii ya kiingilio na nauli inategemea mtaala. Vikundi vya maigizo vimeishi kwa Mstahiki Meya ya Timothy Arege, vikahamia Kigogo ya Pauline Kea, kisha vikamrudia Arege kwa Bembea ya Maisha. Tamthilia isiyotahiniwa haina mnunuzi.

Awali mtaji ulikuwa jasho. Mwaka 1977, wakulima na vibarua wa Kamiriithu, Limuru, walijijengea ukumbi wa wazi wa watu zaidi ya 2,000 ili waigize Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mkamba angeitambua mara moja kazi ile: ni mwethya, ushirika uliochimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko ya Machakos bila mtu kudai ujira. Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba 2. Novemba 16 serikali ikafuta leseni. Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi. Ukumbi uliojengwa bila deni la benki ulikuwa bado unadaiwa kibali.

Phoenix Players wa Nairobi walitegemea ada za wanachama na tiketi, katika ukumbi mdogo wa kupanga kwenye jengo la Professional Centre. Walidumu zaidi ya miaka 30, hadi malimbikizo ya kodi yalipowafungia mlango.

Kuanzia miaka ya 1990 wakaja wafadhili. Mashirika yalilipia michezo ya sokoni kuhusu UKIMWI na elimu ya uraia. Mtazamaji hakutoa hata senti, na mfadhili ndiye aliyechagua mada. Mradi ulipokwisha, malipo ya waigizaji nayo yalikwisha.

Sasa hata mlango wa shule unabadilika. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, KCSE, wa mfumo wa 8-4-4 umepangwa 2027, na vikundi vinavyozunguka na tamthilia teule vitalazimika kupiga hesabu upya kwa mtaala wa umilisi.