Kitabu kilichongoja kitanzi

Novemba 16, 1959, mwandishi Truman Capote alikuwa akipekua The New York Times alipokutana na habari fupi: mkulima tajiri wa Kansas, mkewe na watoto wao wawili wameuawa nyumbani. Wengine waliisoma wakafungua ukurasa mwingine. Capote alifunga safari.

Kijiji cha Holcomb, penye mashamba ya ngano, hakikuwa kimewahi kuona mtu wa namna ile: mfupi, sauti nyembamba kama ya mtoto, mbwembwe za New York kila hatua. Watu waliokuwa wakiomboleza familia ya mkulima huyo, Herbert Clutter, walimkwepa. Aliyemfungulia milango ni Harper Lee, rafiki yake tangu utotoni Alabama, ambaye mwaka uliofuata alichapisha To Kill a Mockingbird. Capote hakunasa sauti wala kuandika mbele ya watu. Alisikiliza, kisha akaenda chumbani kuandika aliyoyakumbuka.

Desemba 30, Perry Smith na Richard Hickock walikamatwa Las Vegas kwa mauaji hayo. Hickock alikuwa ameambiwa na mfungwa mwenzake kwamba kwa Clutter kuna sefu yenye fedha nyingi. Sefu haikuwapo. Waliua watu wanne, wakaondoka na dola zisizofika 50.

Filamu iitwayo Capote, ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Bennett Miller, haipotezi muda kumtafuta muuaji. Inamfuata mwandishi gerezani, anakozoeana na Smith, mtu aliyekua bila malezi ya wazazi kama yeye. Rufaa zinasogeza siku ya kunyongwa mwaka hadi mwaka, na kitabu anachokiandika kuhusu mauaji hayo hakiwezi kwisha kabla ya siku hiyo. Kumwombea Smith uhai ni kukiombea kitabu mkosi. Philip Seymour Hoffman aliubeba mzigo huo kwa sauti ya chini na macho yanayokwepa, akatwaa Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2006.

Aprili 14, 1965, wawili hao walinyongwa, Capote akiwapo. Septemba, jarida la The New Yorker lilianza kuchapisha In Cold Blood; Januari 1966 kikatoka kama kitabu, kikamtajirisha.

Filamu inafunga kwa maandishi kwamba hakumaliza kitabu kingine. Hapo imetia chumvi: mwaka 1980 alitoa Music for Chameleons, mkusanyiko wa maandishi mafupi. Lakini Answered Prayers, riwaya aliyoitangaza kwa miaka mingi, alikufa mwaka 1984 akiwa ameiacha vipande vipande.