Mlinganyo Mpakani: Alama za Hisabati katika Kitabu cha Pamoja cha Kiswahili

Wengi hudhani kwamba mlinganyo ni sehemu ya kitabu isiyohitaji tafsiri: maneno hutafsiriwa, alama hupita kama zilivyo. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kutazama historia ya mpaka mmoja. Yanadai kuwa waandishi wa nchi mbalimbali wanaotaka kutunga pamoja kitabu cha hisabati kwa Kiswahili hawana budi kukubaliana kuhusu alama kabla ya kugusa istilahi.

Mji wa Pweto, katika Haut-Katanga, upo kwenye Ziwa Mweru, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, baina ya Uingereza na Mfalme Leopold II, ulichora mpaka katika eneo hilo. Upande mmoja shule zilirithi desturi za Wabelgiji. Upande wa pili, katika nchi iitwayo leo Zambia, zilirithi za Waingereza, kama ilivyokuwa Tanzania. Mpaka huo ulipenya hadi ndani ya daftari. Kwa desturi ya Kibelgiji, tatu na nusu ni 3,5. Kwa ile ya Kiingereza ni 3.5. Maandishi 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini kwa mmoja, na moja na robo kwa mwingine. Katika kugawanya, namba inayogawanya huwekwa kulia kwa Wabelgiji, kushoto kwa Waingereza. Hata katika trigonometria, mmoja huandika tg, mwingine tan.

Tofauti hizi zina uzito. Mnamo Desemba 2000, Pweto ilipotekwa vitani, maelfu ya watu walikimbilia Zambia. Mtoto anayevuka mpaka namna hiyo anaweza kuijua hesabu barabara na bado akakosolewa kwa sababu ya mkato.

Afrika Mashariki ina mfano wa awali wa uandishi wa pamoja. Kuanzia mwaka 1962, huko Entebbe, Uganda, walimu wa Kiafrika walikutana na wenzao wa Marekani na Uingereza kutunga vitabu vya hisabati mpya. Washiriki wa Kiafrika walitoka katika nchi zilizofundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo swali la mkato na nukta halikuwagawa. Kitabu cha pamoja cha Lubumbashi na Dar es Salaam hakiwezi kulikwepa swali hilo.

Nyenzo za kulijibu zipo. Zama za herufi za risasi, mlinganyo ulipangwa kwa mkono, na kila sahihisho lilikuwa gharama. Mwaka 1977 Donald Knuth, asiporidhika na nakala za majaribio za kitabu chake, alianza kubuni programu ya TeX. Ndani yake mwandishi hutoa maagizo, na mashine hupanga alama. Namba zote za desimali zikiandikwa kwa agizo moja, mhariri hubadili agizo hilo tu, na kitabu kizima hufuata. Kinyume chake, anayebadili kila mkato kuwa nukta bila kufikiri ataigeuza jozi (2,5) kuwa mbili na nusu.

Hali kadhalika, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Uzani uliamua mwaka 2003 kwamba nukta na mkato zote ni halali kwa desimali, na kwamba maelfu yatenganishwe kwa nafasi tupu: 1 250. Hapa hakuna mshindi wala mshindwa.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na haja ya vitabu vya pamoja imekuwa dhahiri zaidi. Ukurasa wa kwanza wa kazi hiyo uwe orodha ya alama, iliyokubaliwa na waandishi, wahariri na wachapaji wote. Kiswahili kinaweza kuwaunganisha wasomaji wa pande mbili za ziwa, ila tu iwapo namba zilizomo ndani yake zinasomeka kwa thamani ileile.