Meno ya Gia na Dakika Nane

Wengi wetu tuliikariri kanuni ya gia katika Fizikia na kuisahau baada ya mtihani. Hapa nakumbusha mchezo ambamo kanuni hiyo iliamua nani ashinde.

Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la kuongozwa kwa redio, Porsche 934, lenye kipimo cha 1/12 cha gari halisi. Mashindano ya magari ya umeme ya kipimo hicho yakawa ya dakika 8, na chaji ya betri za nikeli na kadimi ilikuwa haba. Ndipo hesabu ilipoanza. Gia ya mota ikiwa na meno 15, na ya ekseli 60, mota huzunguka mara 4 ili gurudumu lizunguke mara 1. Ukiweka ya meno 20, mota huzunguka mara 3 tu: mwendo wa juu huongezeka, bali nguvu ya kuondokea hupungua, umeme huliwa kwa wingi na mota hupata moto. Mwenye pupa aliongoza dakika 6, kisha akapitwa gari likiwa limezimika. Mwenye woga alimaliza na chaji isiyomfaa kitu.

Betri za leo za lithiamu zimepunguza hofu ya chaji. Hakimu aliyebaki ni joto. Kwa hiyo vijana, nawaasa: ongezeni jino moja moja, na kila mara ipimeni mota kabla ya kuongeza jingine.