Dakika Tatu za Siti

Mimi hurekodi taarab kwenye harusi na kumbi za Unguja. Vijana wanaotaka kazi hii huanza kwa kuniuliza bei ya rekoda. Mimi huanza na mwimbaji Siti binti Saad.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Mitambo ilikuwa huko, kwa hiyo wanamuziki ndio waliosafiri. Upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika 3. Wimbo wenye beti nyingi, na vyombo kujibizana katikati, ulipunguzwa mpaka ukaenea.

Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, alifanya kinyume chake: aliwafuata wanamuziki kwao. Mwaka 1950 alipita Kenya na Tanganyika na mitambo yake garini. Jenereta iliwekwa mbali, ikavutiwa waya mrefu ili ngurumo yake isisikike. Maikrofoni aliishika mwenyewe, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa mpigaji. Lakini nyimbo ziliishia kwenye santuri ile ile, na dakika zake chache.

Mzigo ulipungua kwa kazi ya Stefan Kudelski, Mpolandi aliyekulia Uswisi. Rekoda yake ya kwanza ya utepe, Nagra ya 1951, ilijazwa springi kama saa ya ukutani. Nagra III, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitumia transista na betri 12 za tochi. Mtu mmoja aliweza kuitundika begani. Ila utepe wa inchi 5, kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, ulikwisha kwa kama dakika 16. Ukipunguza mwendo nusu, muda unaongezeka maradufu, lakini ule mlio mwembamba wa kanuni unafifia. Marehemu fundi aliyenifundisha alikuwa na dawa yake: "Mwanangu, badilisha utepe watu wakipiga makofi. Usingoje ukwishe."

Kaseti ya Philips ya 1963 ilirahisisha mambo: baadaye ile ya C-90 ilitoa dakika 45 kila upande, pamoja na mvumo wake. Leo rekoda ya mfukoni inanasa usiku kucha.

Tatizo la muda limekwisha, la mahali lipo pale pale. Ukiiacha rekoda mezani, dumbaki iliyo karibu inammeza mwimbaji, na kina mama wakiinuka kutunza wanasimama baina yake na mashine. Tracey aliyamaliza hayo kwa mkono wake. Kwa hiyo nawaambia vijana: rekoda ya kawaida inatosha, maadamu ina tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje. Pesa itakayobaki nunueni stendi ndefu na waya mzuri, kisha nendeni mazoezini mjue mwimbaji husimama wapi.