Shule za Msingi na Mazingira Asilia katika Mwambao wa Ziwa Mweru: Historia ya Hifadhi, Vilabu na Uvuvi huko Kashikishi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna shule za msingi za Kashikishi na Nchelenge, nchini Zambia, zilivyokutanishwa na mazingira asilia tangu enzi ya misheni hadi leo. Hoja kuu ni kwamba dola ilitenga hifadhi kwa ajili ya wanyamapori wakubwa, mahali ambapo mwanafunzi wa mwambao hakufika kwa urahisi, ilhali ziwa na samaki wanaoamua maisha yake hawakupewa nafasi kama hiyo katika masomo. Makala yanapendekeza kwamba soko la samaki na mwambao vitambuliwe kuwa darasa la kwanza la mazingira, na hifadhi ya taifa iwe darasa la pili.

1. Utangulizi

Kashikishi ni mji wa soko na uvuvi uliopakana na Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula. Mbele yake limetanda Ziwa Mweru, lenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 5,120. Ziwa hili hupokea maji ya mto Luapula kutoka kusini na ya mto Kalungwishi kutoka mashariki, kisha huyatoa kwa mto Luvua karibu na Pweto, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa Zambia lugha kuu ni Kibemba. Ng'ambo, katika miji ya Pweto na Kilwa, Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya kila siku. Uhusiano wa Kiswahili na ziwa hili si wa jana: katika karne ya 19 Kisiwa cha Kilwa, kilichomo ziwani humo na kisichopaswa kuchanganywa na mji wa jina hilo ulioko Kongo, kilikuwa kituo cha wafanyabiashara Waswahili na Waarabu.

Sera za elimu ya mazingira katika Afrika Mashariki na ya Kati hupenda kuanza na hifadhi: mwanafunzi apelekwe mbugani, aone tembo, arudi akiwa mhifadhi. Makala haya hayapingi safari hiyo. Yanauliza tu swali linaloitangulia: kwa mtoto wa Kashikishi, ni mazingira yapi ambayo shule ilimfundisha, na yapi ambayo iliyanyamazia?

2. Elimu ya ziwa kabla ya shule na pembeni ya shule

Kabla ya shule kufika, maarifa ya mazingira yalikuwa sehemu ya utawala. Masimulizi ya asili ya Luapula, ambayo Ian Cunnison na baadaye David Gordon waliyaandikia kwa kirefu, yanaeleza jinsi mwanamke aitwaye Nachituti, baada ya kaka yake Nkuba kumuulia mtoto, alivyomkabidhi Mwata Kazembe nchi na maji yake. Tofauti kati ya ardhi na maji ina maana katika simulizi hili. Mabwawa na mikono ya mto vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na mamlaka juu ya namna ya kuyavua. Mtoto aliyekua katika utaratibu huo alijifunza pamoja tabia ya samaki na haki ya kumvua.

Shule za misheni zilileta mpangilio mwingine. Huko Mbereshi, kusini mwa Nchelenge, London Missionary Society ilianzisha kituo mwaka 1900, na kuanzia 1915 Mabel Shaw aliendesha shule ya wasichana iliyojaribu kufuata mfano wa maisha ya kijiji. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki na kufika pia Rhodesia ya Kaskazini. Ushauri wake ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake: bustani, kilimo, afya na ufundi. Chuo cha Jeanes cha Kabete nchini Kenya kilizaliwa katika fikra hiyo mwaka 1925, na baadaye Mazabuka ikapata chuo cha aina hiyo.

Wazo lenyewe halikuwa baya, lakini liliingia kwa mlango mbaya. Wazazi wengi wa Kiafrika waliona kwamba jembe lilitolewa kwa watoto wao na kitabu kikabaki kwa watoto wa walowezi. Hivyo somo la nje ya darasa likapata sifa ya kuwa elimu ya daraja la pili. Shaka hiyo haikufa na ukoloni, na mshauri wa sera anayependekeza leo kuwatoa wanafunzi darasani hana budi kuizingatia.

3. Hifadhi za mwaka 1972

Eneo la Mweru lina historia ndefu ya uhifadhi. Vinamasi vya Mweru Wantipa, mashariki mwa ziwa kuu, vilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa kutengwa kwa ajili ya wanyama wakati Kampuni ya British South Africa ilipotawala nchi. Baada ya uhuru, Sheria ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori ya 1968 ilifungua njia, na mwaka 1972 zikatangazwa hifadhi nyingi kwa pamoja. Mbili kati yake zinahusu mwambao huu: Mweru Wantipa, yenye kilometa za mraba 3,134, na Lusenga Plain, yenye kilometa za mraba 880, ambayo inapakana na mto Kalungwishi.

Kwenye ramani, basi, mwanafunzi wa Nchelenge ni jirani wa hifadhi ya taifa. Katika maisha, Lusenga Plain ilikaa miaka mingi bila barabara nzuri wala huduma za kupokea wageni, na wanyama wake walipunguzwa sana na ujangili. Hifadhi ilichorwa kwa kigezo cha mnyama wa kutazamwa na mgeni mwenye gari; mtoto anayetembea kwa miguu hakuwa katika hesabu hiyo.

4. Jongoo mwenye miguu mingi

Mwaka huohuo wa 1972, chama cha uhifadhi wa wanyamapori cha Zambia, kilichoasisiwa 1953, kilianzisha vilabu vya Chongololo kwa ajili ya shule za msingi. Chongololo ni jongoo, na uteuzi wa jina hilo unastahili kutazamwa: badala ya simba au tembo, alichaguliwa kiumbe ambaye kila mtoto humwona njiani mvua zinapoanza. Zambia haikuwa peke yake. Kenya ilikuwa na vilabu vya wanyamapori tangu 1968, Uganda ikafuata 1975, na Tanzania ikaanzisha vilabu vya Malihai mwaka 1980. Huko Dar es Salaam, mwaka 1991, Jane Goodall alianzisha Roots & Shoots akiwa na wanafunzi 12.

Chongololo ilifanya jambo ambalo hifadhi haikuweza kulifanya: ilimfuata mtoto alipo, kwa jarida na kwa kipindi cha redio. Lakini ilifanya hivyo katika mfumo ambao tangu 1966 ulikuwa umekifanya Kiingereza lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Mtoto wa Kashikishi aliyajua mazingira yake kwa Kibemba, kwa majina ya samaki, pepo na nyasi, kisha akaelezwa mazingira hayo kwa lugha isiyokuwa na majina hayo. Mageuzi yalikuja polepole. Sera ya 1996 iliruhusu sehemu ya mtaala itokane na jamii inayoizunguka shule, na mtaala wa 2013 ukarudisha lugha za Kizambia, Kibemba kikiwemo, katika madarasa ya awali.

5. Kilichopotea ziwani

Wakati hifadhi zikichorwa kwa ajili ya wanyama wa nchi kavu, mabadiliko makubwa zaidi ya mazingira yalikuwa yakitokea majini. Mpumbu (Labeo altivelis) alikuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kutaga mayai wakati wa mafuriko. Nyavu zilimngoja njiani, na mayai yake yalithaminiwa. Soko lilikuwa migodi ya Katanga, na wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walikuwa wanunuzi wakubwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 samaki huyo alikuwa amepungua kiasi kwamba biashara haikuweza tena kumtegemea. Wavuvi wakageukia zaidi pale, ambaye ni jamaa wa perege, na kuanzia miaka ya 1980 chisense, samaki mdogo kama dagaa anayevuliwa usiku kwa taa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watatambua mfano huu. Ningu wa Ziwa Viktoria, ndugu wa karibu wa mpumbu, naye alivuliwa kwenye midomo ya mito akielekea kutaga, na naye akatoweka kwa kiasi kikubwa katika karne hiyohiyo. Maziwa mawili yalipata somo moja, na mtaala wa mazingira unaoanza na tembo hauna pa kuliweka.

Leo uvuvi katika Ziwa Mweru upande wa Zambia hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Mtoto huijua sheria hii kwa kupungua kwa kitoweo na kwa hofu ya askari wa doria. Sababu yake, iliyomo ndani ya tumbo la samaki mwenye mayai, shule ina uwezo wa kumwonesha kwa macho.

6. Mapendekezo

Kwanza, somo lianzie sokoni. Mwezi Novemba, kabla ya uvuvi kufungwa, na tena mwezi Machi, baada ya kufunguliwa, wanafunzi wapime urefu wa pale na chisense waliouzwa Kashikishi, wahesabu wenye mayai, na waandike katika daftari la shule. Miezi yote miwili ni ya masomo. Vifaa ni rula, mizani na daftari. Daftari likitunzwa kwa miaka 10, shule itakuwa na kumbukumbu ya ziwa lake yenyewe.

Pili, kazi hiyo ifanywe kwa Kibemba na ihesabiwe katika tathmini ya hisabati na sayansi. Bila alama, wazazi watairudisha mahali ilipowekwa na babu zao: elimu ya daraja la pili.

Tatu, usalama uzingatiwe. Ziwa lina mamba na kichocho, na Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi nchini. Ndiyo sababu inapendekezwa soko, wala si kuingia majini. Hata hivyo, watoto wengi tayari huenda ziwani kuteka maji na kuoga. Kinachokosekana huko ni mwalimu wa kuwaeleza hatari hizo.

Nne, Lusenga Plain na maporomoko ya Kalungwishi yawe safari ya madarasa ya juu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2002, na sekondari kufuata 2022, wingi wa wanafunzi umefanya safari ya kila darasa kuwa ndoto. Safari moja iliyoandaliwa na kazi ya sokoni itafaa kuliko nyingi zisizo na maandalizi.

Tano, ziwa ni moja na sheria ni za nchi mbili. Daftari la Kashikishi lingepata mwenzake Pweto au Kilwa, na hapo Kiswahili, kando ya Kibemba, kingekuwa lugha ya kulinganisha vipimo.

7. Hitimisho

Historia ya mwambao huu inaonesha kwamba kutenga eneo hakutoshi kumfanya mtoto alijue, na kwamba mazingira yasiyo na uzio yanaweza kuharibika bila shule kusema neno. Mpumbu alipungua katika kizazi kimoja, mbele ya macho ya watoto wa misheni waliokuwa wakifundishwa bustani. Wanafunzi wa leo wanaishi na pale na chisense, na ambao watakuwa wavuvi, wachuuzi na wasimamizi wa ziwa baada ya miaka 15 wamo darasani sasa.